Aliyesema Bibisi

Mliponiacha nilikuwa chini ya meza ya fundi viatu, damu yake ikinidondokea shingoni.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ndiye yule msichana wa duka la vyombo ambaye mtaani hajulikani kwa sura, anajulikana kwa sauti. Shule niliiacha darasa la tano. Kuandika naandika kwa kujikongoja, na mbele za watu ulimi wangu hugoma kama punda. Lakini nikiwa peke yangu stoo, katikati ya masufuria, na simu mdomoni, nasema kama redio.

Ndivyo kilivyoanza kikundi chetu cha simu, Uliza Kwanza. Kabla hujaagiza kitu Boksi, uliza kwanza kama mtaa wako unacho.

Boksi ni lile duka la kwenye simu. Wenyewe hatujawahi kuwaona, tunaona maboksi yao tu. Walikuja na bei za kutupa, maduka yetu yakafunga moja baada ya jingine, halafu bei zikapaa na watu hawakuwa na pa kukimbilia. Wakaanza kuuliza kwenye kikundi: jamani, nani ana zipu ya koti? Nani anatengeneza pasi? Nami nikawajibu kwa sauti: nenda kwa fulani, kishike mwenyewe, ukikikuta kibovu unamrudishia mkononi na macho yenu yanaonana.

Maagizo ya Boksi yakapungua. Wakala wao wa mtaani kwetu akaapa atamtafuta huyo Sauti amng'oe ulimi.

Wakala huyo ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu, nami nalala kwao. Nyumbani huniita Bubu.

Haya, turudi chini ya meza.

"Nakuuliza tena. Sauti ni nani?"

Aliyeuliza ni Nyundo, mpeleka mizigo wa shemeji, mtu mwenye mabega kama kabati. Jina hilo alipewa kwa sababu ya ngumi zake, lakini siku hiyo alikuwa ameshika nyundo kweli, ile ile ya fundi ya kupigilia soli.

"Sauti nazijua nyingi," fundi akasema, pumzi zikimkatika. "Ya kuku naijua. Ya mbuzi naijua. Ya mama mkwe wako hata usiniulize, maana…"

Nyundo ikashuka. Nilisikia kidole kikipasuka kama karanga. Fundi alipiga ukelele, na hapo hapo mguu wake ukanisukuma ndani zaidi, kwenye rundo la viatu vibovu, nisionekane.

"Simjui! Nimekwambia simjui!"

Alinijua. Ndiye aliyenifundisha pa kubonyeza ili simu inase sauti. Siri ile tulikuwa nayo watu watatu tu: mimi, yeye, na bosi wangu Mama Vyombo.

Nyundo akanyanyua mkono tena. Simu yake ikalia. Mkono mmoja ulikuwa na nyundo, wa pili ulikuwa na shingo ya fundi, kwa hiyo aliibonyeza kwa kidevu pale mezani, ikapokea kwa kelele kibanda kizima.

"Mwache huyo mzee," ilikuwa sauti ya shemeji. "Nimeshampata."

"Nani, bosi?"

"Yumo nyumbani mwangu. Namlisha mwenyewe, namvisha mwenyewe, kumbe nafuga nyoka."

Nikajua leo ni mimi.

"Kuna mtu mwema kanidokeza na kunitumia hii. Sikiliza."

Kisha nikajisikia mimi mwenyewe nikisema juu ya kichwa changu: "Kwa yule aliyeuliza jana, kama skrubu ni hiyo moja usiagize seti nzima Boksi. Bibisi ndogo ipo kwa Mama Vyombo. Utaazimwa, mradi uirudishe."

Nyundo akacheka. "Bibisi! Ndiyo mdudu gani?"

"Ni bisibisi, mpumbavu wewe. Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayesema bibisi. Mke wangu. Wewe kamalizie mizigo yako. Huyu ni wangu mwenyewe."

Mke wangu, alisema.

Lazima niwaeleze neno hili, la sivyo hamtaelewa kwa nini nililia pale chini ya meza.

Baba yetu alikuwa fundi wa redio. Maneno yalimtoka kwa haraka, mengine yakaacha vipande njiani. Bisibisi kwake ilikuwa bibisi. "Nipe bibisi, mama. Siyo hiyo, ile bibisi nyembamba." Dada na mimi tulikua tukimpa bibisi, na baba alipofariki neno likabaki midomoni mwetu. Mwalimu alinichapa kwa ajili yake, halikutoka. Siku ya harusi yao shemeji alimsikia dada akilisema, akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Tangu hapo ikawa mchezo wake mbele ya wageni: "Mke wangu, hebu tuletee bibisi!"

Mimi hajawahi kunisikia nikilitaja. Mbele yake sijawahi kutaja chochote.

Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzangu.

Nyundo alipoondoka nilitambaa nje. Fundi alikuwa amekaa chini, mkono ameuzungushia kitambaa cha kung'arishia viatu, nusu nyeusi ya dawa, nusu nyekundu.

"Kidole hiki tumezaliwa pamoja," aliniambia. "Leo kimeniaga hata kwaheri hakuna. Usinitazame hivyo, mwanangu. Kimbia! Mwambie Mama Vyombo akusanye watu."

Nikakimbia.

Mama Vyombo alikuwa mlangoni pa duka lake, anapanga mabeseni kama siku nyingine yoyote. Mtaa mzima maduka ya Uliza Kwanza yalikuwa yamepigwa mawe. Muuza vitambaa alikuwa amebandika karatasi dirishani. Kinyozi alinyolea kwenye kioo kilichopasuka, mteja akijiona ana pua mbili. Dirisha la Mama Vyombo tu ndilo lililokuwa zima. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mungu ananipenda bure."

"Mama," nikasema. Kisha ulimi ukagoma.

"Sema, binti."

"Dada. Shemeji anadhani… dada ndiye Sauti."

Beseni likamponyoka. Lilizunguka, likazunguka, mpaka likalala. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, nami nikadhani ni huruma.

"Dada yako?" akauliza. "Mbona dada yako?"

"Kwa sababu ya bibisi."

Alifumba macho. Halafu alinishika mkono, akanivuta hadi stoo.

"Kaa humu. Usitoke."

"Atamuua, Mama!"

"Mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Atampiga kofi moja mbili, hasira itashuka, kesho watakula pamoja. Wewe ukienda ndiyo utaharibu. Unanisikia? Nitazungumza naye mimi."

"Niite watu. Nipe simu niwaite kwenye kikundi."

"Usimwite mtu!"

Alikuwa anafunga mlango. Niliweka mguu. Akausukuma mlango kwenye mguu wangu kwa mwili wake wote, na Mama Vyombo si mwembamba. Niliona nyota mchana. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, karibu na uso wangu, mkono ulionipa kazi, ulionipa chai kila asubuhi.

Nikaung'ata.

Niling'ata mpaka nikasikia chumvi. Alipiga yowe, akaniachia, nikapita chini ya kwapa lake. Simu yangu ilikuwa juu ya rundo la sahani. Nilipoinyakua zikaporomoka zote, na kelele yake ikanifuata hadi barabarani.

"Binti! Rudi! Hujui unachofanya!"

Kweli sikujua.

Nilikimbilia kituo cha Boksi, ambako dada hushinda akifunga mizigo. Ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati wa kuvuta juu. Maboksi yamepangwa mpaka darini, na katikati kuna njia ya mtu mmoja. Mwisho wa njia ipo meza ya kufungia: mzani, kisu, utepe mpana wa gundi wenye jina la Boksi kila hatua. Ufunguo wa kituo shemeji huuvaa shingoni. "Ni mmoja tu," hupenda kutuambia, "na unalala kifuani kwangu kuliko hata mke."

Mlango ulikuwa umeshushwa nusu. Nikaingia kwa magoti.

Kwanza nilisikia. Ni mlio ambao sikuutambua, mzito, wa kitu kigumu kikitua mahali laini. Nilipofika mwisho wa maboksi nikaona ni kofia ya pikipiki.

Dada alikuwa chini. Mikono yake ilikuwa imezungushiwa utepe wa Boksi. Mdomo nao. Jicho moja lilikuwa limeshafumba lenyewe. Jingine liliniona, likatanuka, likaniambia toka.

Shemeji aligeuka. Alikuwa anahema kama aliyebeba gunia.

"Ahaa, Bubu. Afadhali umekuja, umwone malkia wa redio."

Alinipita, akauvuta mlango wa bati mpaka chini, akazungusha ufunguo, akaurudisha shingoni.

"Unajua wameniambia nini Boksi leo? Wananipokonya kituo! Maagizo yameisha. Mtaa mzima unauliza kwanza. Unamwuliza nani?" Akampiga dada teke la tumbo. "Unamwuliza mke wangu! Nalala na mwizi kitanda kimoja!"

Akampiga tena. Kichwa cha dada kilifuata kofia, kikarudi peke yake.

Nilitaka kusema. Jamani, nilitaka. Maneno yalipanda yakafika kooni yakakaa, kama watu wanaosukumana mlango mwembamba. Nilichoweza ni kuingiza mkono mfukoni mwa gauni. Vidole vyangu vinaijua simu ile hata gizani: gusa, telezesha, bonyeza na ushikilie. Nikashikilia.

Na kidole kilipokaa pale, kama ninavyofanya stoo kila siku, koo likafunguka.

"Niko kituo cha Boksi," nikasema. "Tumefungiwa ndani. Wakala anamuua dada yangu. Dada hana kosa. Njooni, yeyote anayenisikia, njooni."

Kofia ilibaki hewani.

Shemeji alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikizungumza. Miaka yote ile nakula kwake, hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza.

"Bubu?"

"Mwache, shemeji. Sauti ni mimi."

Akacheka. Lakini kicheko kilikuwa na ufa. "Wewe? Wewe ambaye hodi tu inakushinda? Unamfichia dada yako, naona. Mmepanga."

"Ni mimi."

"Sawa. Tutajua sasa hivi."

Akaenda mezani, akapekua kati ya kisu na utepe, akarudi na kitu. Alikinyoosha mbele ya pua yangu. Kilikuwa kirefu, kina mpini mwekundu, ncha yake imechongoka kama nyota.

"Hiki," alisema polepole, "kinaitwaje?"

Dada alianza kutikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, nywele zikimfunika uso, utepe ukimvuta mashavu. Nilijua anachosema. Sema kama mwalimu alivyokuchapa useme. Neno moja tu, liseme zima, na wewe utatoka humu mzima.

Ningeweza. Kwa kujilazimisha, silabi kwa silabi, ningeweza.

Nilimwona baba amepiga magoti mbele ya redio ya watu, mkono ameunyoosha nyuma bila kugeuka, anasubiri.

"Bibisi," nikasema.

Nilisikia utepe ukibanduka kidogo shavuni mwa dada.

Kisha shemeji akanijia.

Nilitupa mkono mbele, na bibisi ikapita katikati ya kiganja changu, ikatokea upande wa pili. Sikusikia maumivu. Nilisikia baridi. Alipoichomoa ndipo mkono ukawaka moto. Kwa mkono huo huo nikamrushia mzani wa mezani, ukampata mdomoni, akatema jino, akanishika nywele akanipigiza kwenye ukuta wa maboksi. Maboksi yakatuangukia. Moja likapasuka, vikamwagika vijiko vya chai, vijiko visivyo na idadi, na sote wawili tukateleza juu yake kama wachekeshaji.

Angekuwa mtu mwingine ningecheka.

Alinikalia kifuani. "Ulimi," alisema, damu yake ikinidondokea usoni. "Niliapa ulimi. Toa."

Nilikaza meno. Akanibana pua kwa vidole, akasubiri nitafute hewa. Mkono wangu mzima ulikuwa bado mfukoni, kidole bado kimeng'ang'ania simu. Nikakumbuka: sauti haiendi mpaka uachie.

Nikaachia.

Kikatoka kile kimlio kidogo cha kwenda.

Shemeji akakisikia. "Nini hicho? Umefanya nini?" Akauchomoa mkono wangu, akaiona simu, na kule juu ya kioo mazungumzo ya Uliza Kwanza. Akaipigiza sakafuni. Akaikanyaga mara nyingi zaidi ya ilivyohitaji.

Akasahau aliyekuwa nyuma yake.

Dada hakuwa na mikono wala mdomo, lakini miguu alikuwa nayo. Alijikunja akiwa bado chini, akampiga teke kwa visigino vyote viwili nyuma ya magoti. Shemeji akaenda na uso kwenye kona ya meza ya kufungia. Mlio huo siupendi kuukumbuka. Akalala kati ya vijiko, anakoroma kama mlevi.

Nikatambaa kwa dada. Nilimbandua utepe mdomoni kwa meno, maana mkono mmoja haukuwa wangu tena.

"Pumbavu wewe," ndilo neno lake la kwanza. Alikuwa analia. "Si ungesema bisibisi!"

"Na wewe umeisema."

Ilikuwa kweli. Ilimtoka nzima, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulitazamana. Akaanza kucheka, kisha akakohoa, na kilichotoka kilikuwa damu nyingi, nyeusi nyeusi, ikamjaa kidevuni.

"Tumbo," akasema. "Mdogo wangu, tumbo linaungua ndani."

"Watakuja. Nimewaita. Wamesikia wote."

"Fungua mlango."

"Ufunguo anao yeye."

Shemeji alisogeza mkono. Vijiko vikalia. Alikuwa anaamka, na kati yangu na ufunguo ule kulikuwa na kifua chake, na bibisi ilikuwa imerudi kwenye ngumi yake.

Hapo ndipo tukasikia hatua nje. Mtu anakimbia, amevaa kandambili, anahema. Zikasimama mlangoni.

"Tuko humu!" nikapiga kelele. Mimi, Bubu! "Vunjeni! Vunjeni mlango!"

Hakuna aliyevunja.

Ufunguo ukazunguka.

Ulizunguka taratibu, bila kutafuta tundu, kama wa mtu aliyeuzungusha mara nyingi. Mlango wa bati ukapanda mpaka usawa wa kiuno, mwanga ukaingia, na Mama Vyombo akainama akapita chini yake. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni, mahali nilipomng'ata, na katika mkono huo huo kulikuwa na ufunguo, ndugu wa ule ulioning'inia kwenye shingo ya shemeji.

"Mama," nikasema, "dada anatapika damu. Fungua mlango wote, tumtoe."

Nje, mbali, nilisikia watu wakija, sauti nyingi, na ya fundi viatu juu ya zote.

Mama Vyombo aliugeukia mlango, akaushusha mpaka chini, akaufunga kwa ufunguo wake. Kisha akamtazama shemeji pale sakafuni, akamtazama kwa hasira kama mtu aliyetuma mtoto dukani akarudi na kitu sicho.

"Nilikwambia yumo nyumbani mwako," alimwambia. "Sikukwambia ni mkeo."